Biashara Zinazozaa Bila Kukua

Mtazame mama muuza chipsi aliyefanikiwa Mbagala. Banda lake likianza kulipa, halipanui. Hanunui jiko la pili wala haajiri wakaangaji wanne ageuze banda kuwa mgahawa. Anafungua banda jingine kituo cha mbele na kumkabidhi mdogo wake. Hilo nalo likishasimama, ananunua pikipiki, anampa kijana kwa mkataba, na kila jioni analetewa hesabu. Fedha inayofuata inazikwa kwenye kiwanja Chanika. Baada ya miaka 10 ana miradi mitano, kila mmoja una mtu mmoja au wawili, na hakuna hata mmoja uliozidi ukubwa wa siku ulipoanza. Mtaani anaitwa tajiri. Kwenye semina za ujasiriamali anaambiwa hana nidhamu ya kukuza biashara moja. Hoja ya safu hii ni kwamba mama huyu amepiga hesabu zake sawasawa. Amezisoma kanuni za nchi anayofanyia biashara, akaona zinamruhusu kuzaa miradi lakini zinamwadhibu akikuza mmoja. Anayestahili semina ni aliyeziandika kanuni hizo.

Takwimu zinaonyesha kwamba jambo hili halikuishia Mbagala. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Kenya wa mwaka 2016 ulikuta biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, zikiwa na watu wapatao milioni 14.9. Ukigawanya unapata watu wawili kwa kila biashara, mwenyewe akiwa mmoja wao. Zenye leseni hazikufika milioni 1.6. Tanzania, uchunguzi wa aina hiyo uliotolewa mwaka 2012 ulihesabu biashara zaidi ya milioni 3 zenye watu zaidi kidogo ya milioni 5. Hata wawili kwa kila biashara hawakutimia. Sasa linganisha na kwingine. Chang-Tai Hsieh na Peter Klenow, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walivipanga viwanda vya Marekani, India na Mexico kwa umri wake. Marekani, kiwanda cha miaka 40 kina wafanyakazi zaidi ya mara saba ya kiwanda cha miaka mitano au pungufu. India na Mexico, kiwanda kilichosalia kwa muda huohuo kimeongezeka kama mara mbili tu. Tofauti kati ya nchi tajiri na nchi maskini, basi, haikai siku ya kufungua biashara. Inakaa katika miaka inayofuata.

Douglass North, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1993, aliziita taasisi kanuni za mchezo: sheria zilizoandikwa, pamoja na mila na mazoea ambayo hayakuandikwa popote lakini kila mtu anayafuata. Kwa maana hiyo Mahakama ya Biashara ni taasisi, na desturi ya kupewa mzigo kwa mali kauli, ulipe ukishauza, ni taasisi vilevile. William Baumol, katika makala yake ya mwaka 1990, alidai kwamba watu wenye moyo wa kujaribu wamo katika kila jamii na kila zama. Kanuni ndizo zinazoamua nguvu yao iende kuzalisha, kuchuma kwa mgongo wa dola, au kupora. Tafiti za Global Entrepreneurship Monitor, zinazofanyika tangu mwaka 1999, zinampa nguvu. Katika miaka ya 2010 zaidi ya robo ya watu wazima wa Uganda walikutwa wakianzisha biashara au wakiendesha biashara changa. Japani, kwa miaka mingi ya kipindi hicho, hawakufika watano kwa kila 100. Kama moyo wa kuanza ndio utajiri, Kampala ingekuwa inaikopesha Tokyo. Tafiti hizo ziliyagawa mataifa katika madaraja matatu: yanayotegemea ardhi na rasilimali, yanayotegemea ufanisi wa viwanda, na yanayotegemea ubunifu. Mgawanyo huo una walakini wake, lakini unatukumbusha jambo moja la maana: kanuni inayokosekana katika daraja moja siyo inayokosekana katika jingine.

Hata hivyo, kwa miaka mingi dawa iliyoandikwa ilikuwa ileile kwa kila mgonjwa: panua mlango wa kuingilia. Mzizi wake ni jaribio la mwaka 1983, mchumi Hernando de Soto na wenzake walipojaribu kusajili karakana ndogo ya ushonaji jijini Lima, wakikataa rushwa kila ilipowezekana. Iliwachukua siku 289. Miaka 20 baadaye Benki ya Dunia ikaanza kuyapanga mataifa kwa ripoti ya Doing Business, na siku za kusajili kampuni zikawa mashindano. Afrika Mashariki mshindi alikuwa Rwanda: ripoti ya 2020 iliiweka nafasi ya 38, Kenya ya 56 na Tanzania ya 141. Mwaka 2021 Benki yenyewe iliifuta ripoti hiyo baada ya kubainika kwamba baadhi ya takwimu zilichezewa. Kusajili haraka ni jambo jema, hakuna anayekataa. Lakini Sri Lanka, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walijaribu, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wenye biashara walipopewa maelezo na kurudishiwa gharama za usajili, karibu hakuna aliyekwenda kujisajili. Walipolipwa fedha juu yake, wengi walikwenda, na baada ya hapo ni wachache tu ambao biashara zao zilipaa. Karatasi ilikuwa bure na bado watu waliiona haina kazi.

Ujerumani inatoa ushahidi kutoka upande wa pili. Huko fundi hakuweza kufungua karakana yake katika fani 94 bila cheti cha ufundi mkuu, kiitwacho Meister, kinachopatikana baada ya miaka ya mafunzo na mtihani mgumu. Mwaka 2004 sharti hilo liliondolewa kwa fani 53, mojawapo ikiwa ya kubandika vigae. Kampuni za vigae zikafumka kila kona, nyingi zikiwa za mtu mmoja, na mafunzo ya vijana kazini yakapungua. Kuanzia mwaka 2020 sharti likarudishwa kwa fani 12, na vigae vikiwamo. Mtu anaweza kubishana kama kurudisha sharti kulikuwa uamuzi sahihi, maana vyeti vya aina hii hutumika pia kuwakinga wakongwe dhidi ya washindani. Kwa hoja yetu inatosha kuona hili: nchi yenye mlango mwembamba wa ufundi ndiyo yenye tabaka nene la kampuni za familia zenye wafanyakazi makumi na mamia, na ulipopanuliwa mlango, kilichoongezeka zaidi ni idadi ya vibanda. Sisi mlango wetu wa kweli, ule wa barabarani, umekuwa wazi siku zote. Hakuna aliyewahi kusubiri siku 289 kuanza kuuza karanga Buguruni.

Basi ni kanuni zipi zinazokuza? Ya kwanza ni ile inayomwezesha mtu kumkabidhi mali yake asiyemjua. Rudi kwenye pikipiki ya mkataba. Mmiliki hajui dereva amebeba abiria wangapi leo, na hana njia ya kujua. Kwa hiyo haulizi mapato. Anataka kiasi kilekile kila jioni, inyeshe au isinyeshe, na kinachozidi ni cha dereva. Daladala nyingi zimeendeshwa hivyohivyo kwa miaka. Hesabu ni mpango wenye akili: unamaliza tatizo la wizi kwa kuacha kuuliza swali. Lakini una bei yake. Mmiliki hapati habari zozote za biashara yake mwenyewe, dereva anabeba hasara yote ya siku mbaya, na chombo kinakimbizwa kwa kuwa dakika ndiyo riziki. Mwenye pikipiki 10 kwa mtindo huu hana kampuni ya usafiri. Ana wadaiwa 10. Dukani mambo ni hayohayo. Droo ya fedha hukaa mbele ya mwana, mke au mdogo mtu, na duka la tatu hufunguliwa pale tu anapopatikana ndugu wa tatu. Ndugu nao huisha.

Kuisha kwa ndugu kumewahi kupimwa. Nicholas Bloom na wenzake walichunguza viwanda vya nguo karibu na Mumbai, wakachapisha matokeo mwaka 2013: kilichobashiri ukubwa wa kampuni kuliko ubora wa usimamizi wake kilikuwa idadi ya wanaume katika familia ya mwenyewe. Mmiliki aliogopa kumpa meneja wa nje madaraka, kwa sababu akiiba, kesi ingechukua miaka. Nasi tuna kinga yetu ya kienyeji, mali kauli: muuza jumla wa Kariakoo anampakilia mteja wa Songea mzigo wa mamilioni bila karatasi, naye analipa akishauza. Huo ni uaminifu wa kiwango cha juu, ila umefungwa ndani ya duara la waliozoeana, wa ukoo mmoja, dini moja au njia moja ya biashara. Aliyejulikana leo hana kauli. Ili kumwamini yeye lazima pawe na mahali pa kumdai upesi. Mahakama ya Biashara ya Tanzania ipo tangu mwaka 1999, lakini ni kitengo cha Mahakama Kuu. Deni la mzigo wa vitenge halifiki huko. Kenya ilitunga sheria ya mahakama za madai madogo mwaka 2016, na mwaka 2021 ikafungua ya kwanza Milimani, Nairobi, kwa madai yasiyozidi Sh milioni 1 za Kenya, kesi ikitakiwa kuisha ndani ya siku 60. Kwa mwenye duka, siku hizo 60 zina maana kuliko semina 60.

Mali bila daftari huisha bila habari, na M-Pesa inaonyesha kinachotokea daftari likipatikana. Huduma hiyo ya fedha kwa simu ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na kukua kupitia mawakala ambao kampuni ya simu haikuwajua kwa sura wala ukoo, kwa sababu kila muamala unaonekana papo hapo. Lakini simu pekee isingetosha. Benki Kuu ya Kenya iliiacha huduma ianze kabla sheria yoyote haijaitaja, kwa sharti kwamba fedha za wateja zikae katika akaunti ya udhamini kwenye benki na kampuni isizikopeshe. Mwishoni mwa 2008 mabenki yalipopiga kelele, Wizara ya Fedha iliagiza ukaguzi. Ulipotoka mapema 2009, huduma ilionekana salama ikaendelea, na sheria ya mifumo ya malipo ikaja mwaka 2011. Afrika Kusini huduma hiyohiyo ilizinduliwa mwaka 2010 pamoja na benki ya Nedbank, katika soko ambalo wengi tayari walikuwa na akaunti za benki na masharti yalikuwa ya kibenki. Ilifungwa mwaka 2016. Jina lilikuwa moja, teknolojia moja, na mataifa mawili yakaipa maisha mawili tofauti. Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa iliwainua kutoka umaskini asilimia 2 ya kaya za Kenya, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walifanya biashara kuwa kazi yao kuu.

Kanuni ya pili ni ile inayomruhusu mtu aonekane bila kuliwa. Kila dola huweka mstari fulani, na aliye chini ya mstari huachwa. China ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliruhusu mtu binafsi kuajiri watu wasiozidi saba, hesabu iliyotolewa kwenye mfano mmoja katika kitabu cha Karl Marx. Wa nane angekugeuza bepari. Nian Guangjiu wa mji wa Wuhu, muuza mbegu za kukaanga, aliajiri zaidi ya 100, na kesi yake ikapanda mpaka kwa Deng Xiaoping, aliyesema aachwe. Kampuni binafsi zenye watu wanane na zaidi zilitambuliwa rasmi mwaka 1988. India ilianza mwaka 1967 kutenga bidhaa zilizoruhusiwa kutengenezwa na viwanda vidogo tu. Orodha ikapita bidhaa 800, na ya mwisho ikafutwa mwaka 2015. Nia ilikuwa kumlinda mdogo, na kweli alilindwa, hata dhidi ya kukua kwake mwenyewe. Wala Ulaya haijapona ugonjwa huu. Ufaransa, kampuni ikifikisha wafanyakazi 50 inaangukiwa na wajibu mwingi kwa mpigo. Luis Garicano, Claire Lelarge na John Van Reenen walionyesha mwaka 2016 jinsi kampuni zinavyorundikana kwenye 49 kisha zinaporomoka idadi. Sheria ya mwaka 2019 ililegeza ukuta huo: sasa lazima mstari uvukwe miaka mitano mfululizo ndipo wajibu uanze.

Tanzania mstari wetu ulichorwa kwenye kitambulisho. Desemba 2018 serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Tusiidharau hatua hiyo: iliwapumzisha wengi kukimbizana na mgambo. Lakini gawa milioni 4 kwa siku 365. Unapata kama Sh 11,000 kwa siku, mauzo na wala si faida. Banda la chipsi linalochangamka linavuka hapo kabla ya magharibi. Akishavuka, kinachomsubiri si ngazi ya pili. Ni makadirio ya kodi, leseni, wakaguzi wa idara kadhaa na, mauzo yakipanda zaidi, mashine ya risiti. Juu zaidi kuna ukuta mwingine, wa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambao mwaka 2023 ulisogezwa kutoka mauzo ya Sh milioni 100 hadi milioni 200. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Kariakoo ilifunga maduka, na miongoni mwa malalamiko yaliyofikishwa kwa Waziri Mkuu Mnazi Mmoja yalikuwa kikosi kazi cha kodi na sharti la kusajili stoo. Stoo ni ushahidi kwamba umekua. Na Julai 2021, fedha za simu zilipokwisha kuwa daftari la taifa zima, tozo ya miamala ilianza. Malalamiko yakaishusha kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache, lakini somo lilikwishaingia: kinachoonekana kinatozwa. Aliyegawa mali yake katika miradi mitano ameligawa pia jina lake.

Kanuni ya tatu haisemwi sana kwetu, nayo ni namna ya kuanguka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 inairuhusu kampuni iliyozidiwa na madeni ijipange upya chini ya mahakama huku wenyewe wakiendelea kuiendesha, na mtu binafsi anaweza kufutiwa sehemu kubwa ya madeni akaanza tena. Sweden ina sheria ya mwaka 1997 inayompa mwajiriwa likizo ya mpaka miezi sita ajaribu biashara yake, mradi haishindani na ya mwajiri, na kiti chake kinamsubiri. Ufaransa, kuanzia mwaka 2002, asiye na kazi aliyefungua kampuni aliweza kubaki na kinga ya posho yake. Zikaanzishwa kampuni nyingi zaidi, na watafiti hawakuzikuta zikiwa dhaifu kuliko zilizotangulia. Hapa ndipo mataifa yanayoishi kwa ubunifu yanapotofautiana na sisi, kwa sababu biashara ya kubuni hushindwa mara nyingi, na asiyeweza kuanguka salama hatabuni kitu. Ataiga kibanda cha jirani, ambacho angalau kimekwisha kujaribiwa.

Kwetu anayeanguka huanguka na kila kitu. Mikopo ya mitaani inaitwa kausha damu, na jina halikukosewa: rejesho likikwama, zinabebwa televisheni, friji na magodoro. Sheria ya kufilisika ya Tanzania asili yake ni enzi ya mkoloni. Muuza nyanya hajawahi kuambiwa ipo. Kenya ilipiga hatua kwa sheria yake ya mwaka 2015, iliyoweka njia nyepesi kwa mdaiwa asiye na mali. Uchunguzi uleule wa Kenya wa 2016 ulikadiria kwamba biashara milioni 2.2 zilikufa ndani ya miaka mitano, karibu nusu yake zikiwa hazijamaliza mwaka mmoja. Katika hali kama hiyo, banda la pili ni bima. Pikipiki ni bima dhidi ya banda, na kiwanja ni bima dhidi ya vyote. Mama wa Mbagala analipia kwa jasho lake kile ambacho Mswidi anapewa na sheria, na bei anayolipa ni kwamba hakuna mradi wake hata mmoja unaopata fedha ya kutosha kukua.

Yupo atakayesema yote haya ni visingizio, na kwamba tatizo ni utamaduni wetu: hatuaminiani, hatuna subira, tunapenda sherehe. Historia ya karibu inamjibu. Mwaka 1976 Tanzania ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini katika Operesheni Maduka, na mwaka 1983 wenye bidhaa walisakwa kama walanguzi na wahujumu uchumi. Bajeti ya mwaka 1984 ikawaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata, na bidhaa zilizoadimika zikaanza kurudi madukani. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kanuni, na baada ya kanuni likabadilika hata neno: mlanguzi wa jana akaitwa mfanyabiashara, na mwanawe leo anaitwa mjasiriamali. Kutoaminiana nako kuna sababu zake. Mtu asiyeaminiwa na sheria hujifunza kuamini damu.

Pingamizi zito zaidi linatoka China: walikua kwa kasi ya ajabu kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya katiba yao kutaja ulinzi wa mali binafsi mwaka 2004 na sheria ya mali ya 2007. Je, hii haibomoi hoja? Inairekebisha. Wachina wengi walificha kampuni binafsi chini ya jina la kampuni za vijiji na miji, wakaita kuvaa kofia nyekundu, na viongozi wa maeneo wakazilinda kwa sababu mapato yake yaliendesha bajeti zao na vyeo vyao. Kanuni zilikuwapo, ila hazikuwa mahakamani. Zilikuwa kwenye maslahi ya mkuu wa wilaya. Somo kwetu ni kwamba taasisi hazihitaji kufanana na za London ili zifanye kazi, zinahitaji kumfanya mwenye mamlaka apate zaidi biashara ikikua kuliko ikikamuliwa. Halmashauri inayoishi kwa ushuru na faini za leo haina sababu ya kungoja kiwanda cha kesho. Na kinga ya mtu ina kasoro yake: akihamishwa au akianguka, umeanguka naye. Kwetu tunaiita kuwa na mtu, na kila mfanyabiashara anajua kwamba mtu huyo hadumu.

Wengine watasema tatizo ni mtaji. Hapa lazima tukubali nusu. Tafiti sita za mikopo midogo katika mataifa sita, zilizokusanywa na kuchapishwa pamoja mwaka 2015, zilikuta manufaa ya kiasi na hakuna mageuzi makubwa. Mkopo mdogo unaongeza vibanda. Lakini Nigeria, shindano la YouWiN! la mwaka 2011 liliwapa washindi wapatao 1,200 wastani wa dola 50,000 kila mmoja, na David McKenzie akakuta kwamba waliopata walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikisha wafanyakazi 10 na zaidi. Mtaji mkubwa unakuza, basi. Swali linalobaki ni kwa nini mtaji wa ukubwa huo lazima utoke kwa serikali ikiwa benki za mitaani zina fedha. Jibu linaturudisha pale pale: benki nayo haina namna ya kumjua mgeni, wala ya kumdai upesi, kwa hiyo inataka hati ya nyumba. Mwingine atauliza kama kila mtu lazima akue. Hapana. Wengi wako kwenye biashara kwa sababu ajira haikupatikana, na wangeiacha kesho kama mshahara ungekuwapo. Ndiyo sababu hasa ya kutaka wachache wakue: mtu mmoja akitoka watu wawili hadi 20, amewaondoa 18 kwenye ujasiriamali wasioutaka.

Kwa hiyo kila taifa linahitaji kujua mlango wake uliofungwa. Ufaransa tatizo lake limekuwa kwenye 49, na China ya jana lilikuwa kwenye mtu wa nane. Kwetu, mlango wa kuingia umejaa watu kiasi cha kubanana, na ile miwili ya ndani, wa kukua na wa kuanguka, haijaguswa. Kuna kazi tatu zinazowezekana bila mfadhili. Mistari ya kodi igeuzwe kuwa ngazi, anayevuka apewe miaka ya kuzoea mzigo kama Ufaransa ilivyofanya. Mahakama za madai madogo zenye ukomo wa siku zifikishwe Tanzania, karibu na soko, ili mali kauli ipate nguvu ya sheria. Na sheria ya kufilisika iandikwe upya kwa lugha na kiwango cha muuza nyanya, kitanda na jiko lake vikikingwa. Ya nne haigharimu chochote: waziri anayesimama kutangaza kampuni ngapi zimesajiliwa mwaka huu aulizwe, palepale, ni biashara ngapi zilizokuwa na watu wawili miaka mitano iliyopita na leo zina 10. Mpaka namba hiyo isomwe bungeni, mama wa Mbagala ataendelea kuwa sahihi, na mradi wa sita tayari anautafutia ndugu.